Mtoto akikamatwa na korosho za watu: kwa nini umri wake uulizwe kabla ya kitu kingine

Msimu wa korosho unapoanza, kuanzia mwezi wa 10 hivi, na habari za minada ya RUNALI zikianza kusikika, mwenye shamba halali usingizi mzito. Korosho iliyoanguka chini ya mkorosho haina alama ya mwenyewe. Ikishaingia kwenye kiroba cha mtu mwingine, kuithibitisha kuwa ni yako ni kazi. Ndiyo maana katika vijiji vya bonde la Mto Mbwemkuru, upande wa Nachingwea na upande wa Ruangwa, watu hulinda mashamba kwa zamu, na anayekutwa alfajiri na kiroba begani hapati mapokezi mazuri.

Lakini mara nyingi anayekutwa na kiroba hicho si jambazi aliyetoka mbali. Ni kijana wa miaka 13, 14 au 15, anayejulikana kwa jina na kwa ukoo. Aliyemkamata amesoma na baba yake. Hapo ndipo maswali yanapoanza: apigwe aachiwe? Aitwe mgambo? Apelekwe polisi? Mzazi alipe yaishe?

Katika makala haya tunaeleza sheria inataka nini kuanzia dakika hiyo. Tumeanza na korosho kwa sababu ndiyo hali inayofahamika kwetu, ila mengi tutakayosema yanahusu pia simu iliyoibwa, ugomvi uliotokea ngomani, au kijana anayeshitakiwa kwa kumpa mimba mwanafunzi. Na tutarudi mara nyingi kwenye jambo moja ambalo watu hulipuuza mpaka limechelewa, nalo ni umri wa mtoto na karatasi ya kuuthibitisha.

Mtoto ni nani?

Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Haiulizi kama ameshaota ndevu, kama ameacha shule, kama ana shamba lake au kama ameoa.

Hili linagongana na mazoea yetu. Kwa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wa huku kusini, kijana aliyetoka jandoni si mtoto tena. Amefundwa, amepewa jina, anatarajiwa kuongea na kubeba mambo kama mwanaume. Na jandoni wanaingia wakiwa na miaka 10, wengine chini ya hapo. Kwa hiyo mzee anayesema "huyu si mtoto, huyu ametahiriwa" hasemi uongo kwa lugha ya mila. Anasema jambo la kweli kwa jamii yake. Tatizo ni kwamba akilisema kwenye maelezo polisi, linaandikwa kwa lugha nyingine, na madhara yake ni mengine kabisa.

Chini ya miaka 18 kuna ngazi nyingine mbili ambazo watu wengi hawazijui. Kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtoto aliye chini ya miaka 10 hawezi kuwa na kosa la jinai kabisa. Mtoto wa miaka 8 aliyechoma kibanda cha jirani hashitakiwi. Mtoto wa miaka 10 au 11 naye hana hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba wakati anatenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda vile. Zamani, chini ya sheria iliyoachwa na wakoloni, mpaka wa kwanza ulikuwa miaka 7, baadaye ukapandishwa hadi 10. Majirani zetu wamekwenda mbele zaidi. Uganda ni miaka 12, na Kenya, kwa sheria yao mpya ya watoto ya mwaka 2022, nayo ni miaka 12. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilishauri mwaka 2019 kwamba nchi zote zifike angalau miaka 14. Sisi bado tuko kwenye 10, na tunaona ni umri mdogo mno. Mtoto wa darasa la nne au la tano anayesimamishwa mahakamani haelewi hata neno "mshitakiwa."

Saa 24 za kwanza

Tuseme kijana wa miaka 15 amekamatwa na kiroba cha korosho. Huu ni mfano tu, hatumsemi mtu yeyote. Wananchi wamempeleka kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji amemkabidhi polisi.

Jambo la kwanza, mzazi au mlezi ajulishwe. La pili, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ajulishwe. La tatu, asichanganywe na watu wazima, iwe kituoni, njiani au popote anaposhikiliwa. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa taarifa ya ukaguzi wa sehemu wanakoshikiliwa watoto nchini, na mojawapo ya mambo iliyoyakuta ni watoto waliowekwa pamoja na watu wazima. Sababu zake si ngumu kuelewa. Kituo kidogo cha polisi huko vijijini kikiwa na chumba kimoja cha mahabusu, askari anayetaka kufuata sheria hana pa kumweka mtoto.

Na hapa ndipo sheria inatoa jibu ambalo wazazi wengi hawaliombi kwa sababu hawajui kuwa lipo: mtoto arudi nyumbani. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mkuu wa kituo, pale ambapo mtoto hawezi kupelekwa mara moja mahakamani, amwachie kwa dhamana, awe na wadhamini au asiwe nao. Kumwachia ndiyo kanuni. Kumshikilia kunahitaji sababu, na sababu zenyewe zimetajwa: kosa likiwa la mauaji au lenye adhabu ya kifungo kinachozidi miaka 7, ikiwa ni lazima kumtenga na watu wabaya anaoambatana nao, au askari akiwa na sababu ya kuamini kwamba kumwachia kutaharibu haki.

Sasa tuangalie korosho. Wizi wa kawaida, kifungu cha 265 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake ya juu ni miaka 7. Hauzidi 7. Kwa hiyo kijana aliyeokota korosho shambani kwa mtu, kwa kosa hilo peke yake, hayumo kwenye kundi la makosa mazito. Angevunja ghala usiku, hapo kosa ni jingine na adhabu inapanda. Na mbuzi si kuku: wizi wa mifugo una kifungu chake, cha 268, adhabu yake inafika miaka 15, na mbuzi ametajwa humo pamoja na ng'ombe na kondoo. Mzazi anayekwenda kituoni ni vizuri aulize kwa heshima: mwanangu anatuhumiwa kwa kifungu gani? Askari hatakasirika kwa swali hilo, na akikasirika bado ni haki yako kuuliza.

Dhamana ya polisi haiuzwi. Tunarudia kwa sababu bado kuna watu wanauza kuku na kukopa ili "kumtoa mtoto". Na kama hakuachiwa, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo.

Ikishindikana dhamana hata mahakamani, sheria imeweka makao ya mahabusu ya watoto, mbali na gereza. Shida ni umbali. Kwa miaka mingi nchi nzima makao hayo yalikuwa matano: Dar es Salaam, Moshi, Arusha, Tanga na Mbeya. Ukiwa Nachingwea au Ruangwa, hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mama anaweza kwenda kumwona mwanawe asubuhi akarudi jioni. Hii ndiyo maana tunasema dhamana kwa mtoto wa huku ina uzito kuliko kwa mtoto wa Temeke. Akiikosa, anakosa na wageni.

Mahakamani

Mahakama ya Watoto si jengo jipya lenye bango. Kwa miaka mingi, watu waliposema mahakama ya watoto walikuwa na maana ya ile ya Kisutu, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1997. Sheria ya 2009 ilimpa Jaji Mkuu mamlaka ya kutangaza kwamba jengo la mahakama ya mwanzo litumike pia kama Mahakama ya Watoto, na mwaka 2016 mahakama za mwanzo 130 zilitangazwa hivyo. Anayesikiliza anakuwa hakimu mkazi. Kwa hiyo mtoto wako anaweza kufikishwa kwenye jengo lile lile unalolijua, lakini utaratibu ubadilike.

Unabadilikaje? Kwanza shauri linasikilizwa faragha, jirani na mwandishi wa habari hawaingii. Ndiyo maana sisi redioni hatutaji jina la mtoto anayeshitakiwa, hata kama kijiji kizima kinalijua na hata kama mlalamikaji anatutaka tulitaje. Mzazi anatakiwa awepo. Afisa ustawi wa jamii anatakiwa awepo. Mashtaka yasomwe kwa lugha nyepesi ambayo mtoto anaielewa, na mwenendo uwe wa kuulizana, si wa kubanana maswali. Mtoto ana haki ya kuwa na wakili na haki ya kujieleza mwenyewe.

Akikutwa na kosa, kifungu cha 119 kinasema wazi: mtoto hatahukumiwa kifungo cha gerezani. Haijalishi sheria nyingine imesema nini. Hakimu ana njia nyingine. Anaweza kumwachia kwa masharti kwamba asirudie. Anaweza kumweka chini ya uangalizi wa afisa ustawi. Anaweza kuamuru faini au fidia, na mzazi ndiye akatakiwa kuilipa. Njia nzito zaidi ni kumpeleka shule ya maadilisho.

Shule hiyo iko Irambo, Mbeya. Kutoka Nachingwea unapita Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, kisha Mbeya. Hakimu anayemtuma mtoto wa Ruangwa Irambo anamtuma mahali ambapo baba yake hajawahi kufika na huenda asifike. Hatusemi isitumike kamwe. Yupo mtoto ambaye nyumbani kwake ndiko kulikomharibu, na huko Irambo anaweza kupata darasa na ufundi. Lakini kwa kiroba cha korosho, ni adhabu kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, na afisa ustawi anayeandika taarifa ya hali ya mtoto kwa ajili ya mahakama ana nafasi ya kulisema hilo. Taarifa ile haiandikwi kwa kukaa ofisini. Afisa anatakiwa afike nyumbani, aongee na mwalimu, ajue baba yuko wapi. Afisa mmoja mwenye kata nyingi za kuzunguka, tena bila mafuta ya pikipiki, ataandika nini? Hili swali tungependa madiwani wetu walibebe kwenye vikao vya bajeti, maana maafisa ustawi wako chini ya halmashauri.

Mwaka mmoja unaweza kugharimu miaka 30

Hayo yote, dhamana, faragha, kutokwenda gerezani, yanasimama juu ya jambo moja: kwamba anayehusika yuko chini ya miaka 18. Umri ukiandikwa 19, kila kitu kinaanguka.

Mfano mzito zaidi hautoki kwenye korosho. Unatoka kwenye mapenzi ya vijana. Kwa sheria yetu msichana aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuridhia tendo la ndoa, hata akisema mwenyewe kwamba alikubali. Kwa hiyo kijana wa kidato cha tatu mwenye miaka 17 aliyekuwa na uhusiano na mwenzake wa miaka 16 anaweza kushitakiwa kwa ubakaji. Akiwa ni mtu mzima, adhabu haipungui miaka 30. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, nayo inaweka miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari.

Kwa mvulana hali ni tofauti. Kifungu cha 131 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mwenye miaka 18 au chini yake, akitiwa hatiani kwa ubakaji kwa mara ya kwanza, adhabu yake ni viboko tu. Viboko vyenyewe vina mjadala wake. Watetezi wa haki za watoto wanataka vifutwe kabisa, nasi tunakubaliana nao kwamba kumchapa mtoto kwa amri ya mahakama hakumfundishi kuheshimu mwili wa mtu. Lakini tazama tofauti: upande mmoja viboko, upande wa pili miaka 30. Kinachotenganisha pande hizo mbili ni tarakimu moja au mbili kwenye fomu iliyojazwa usiku kituoni, na anayeitaja tarakimu hiyo mara nyingi ni kijana mwenyewe, akiwa ameogopa, au ni mlalamikaji mwenye hasira.

Hatuandiki haya ili kuwakingia kifua wanaoharibu mabinti. Binti aliyebakwa ana haki zake kama mtoto, na anayemdhuru lazima ajibu, awe na miaka 17 au 47. Tunachosema ni kwamba sheria imetofautisha watu hawa wawili kwa makusudi, na tofauti hiyo isipotee kwa sababu hakuna aliyekuwa na karatasi.

Kwa nini hakuna karatasi? Kuna sababu ya wazi. Mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5 na kuwapa vyeti bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulifika Lindi na Mtwara mwaka 2017. Mtoto aliyekuwa na miaka 2 wakati huo alinufaika. Aliyezaliwa 2010 au 2011 alikuwa ameshapita miaka 5, hakuhusika. Hesabu mwenyewe: kundi hilo lililoachwa nyuma ndilo lililofikia umri wa kukamatwa. Wadogo zao wana vyeti, wao hawana.

Mbaya zaidi, umri wetu tumeuchezea wenyewe. Mtoto alizaliwa mwaka huu, akaandikishwa shule kwa mwaka mwingine kwa sababu alionekana mdogo, au mkubwa. Wengine walipunguzwa miaka ili wacheze UMITASHUMTA. Tulicheka wakati ule. Siku shauri linapofika mahakamani, rejista ya shule inasema hivi, kadi ya kliniki inasema vile, mama anasema "alizaliwa mwaka wa mvua kubwa." Hakimu amwamini nani?

Sheria inamtaka hakimu, anapoona huenda aliyesimama mbele yake ni mtoto, afanye uchunguzi wa umri, na anaweza kupokea ushahidi wa daktari. Na katika kesi za ubakaji, ambako umri wa binti ndio unaobishaniwa, Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba cheti si njia pekee: mzazi, ndugu, daktari, au mhusika mwenyewe anaweza kuuthibitisha. Hivyo mama asiye na cheti bado ana sauti. Ila awepo. Neno lake linasikika akiwa amesimama pale, siyo akiwa nyumbani analia.

Kurekebisha baadaye inawezekana, lakini ni safari. Rufaa kutoka mahakama ya wilaya inakwenda Mahakama Kuu, na kwa mikoa ya Lindi na Mtwara iko Mtwara mjini. Kwa kawaida kusudio la kukata rufaa litolewe ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe iwasilishwe ndani ya siku 45. Wakati huo wote kijana anaweza kuwa yuko ndani na watu wazima.

Je, tuyamalize kijijini?

Hili ndilo swali linalogawa watu zaidi. Wengi hupenda kuyamaliza. Mzazi anaomba radhi, analipa korosho, mtoto anachapwa mbele ya wazee, maisha yanaendelea. Na tuseme kweli, katika mambo madogo njia hiyo ina hekima yake. Mwenye shamba anapata mali yake haraka kuliko angeipata mahakamani, na mtoto habebi jina la mwizi kwenye faili.

Uganda waliiona hekima hiyo wakaiandika kwenye sheria. Sheria yao ya watoto inazipa mahakama za kijiji mamlaka juu ya mtoto aliyefanya makosa madogo kama wizi, kuharibu mali au kupigana. Mahakama hiyo inaweza kuamuru upatanisho, fidia, kurudisha mali, kuomba radhi au kuonywa, na inaweza kumweka mtoto chini ya mwongozo wa mtu kwa muda usiozidi miezi 6. Kumfunga haiwezi. Jambo la maana ni kwamba mipaka inajulikana.

Kwetu Bara hakuna utaratibu kama huo wa kijiji. Mwaka 2012 ulianzishwa mpango wa kurekebisha tabia za watoto ndani ya jamii, ukajaribiwa Temeke na Mbeya: mtoto anabaki nyumbani, anakutana na mshauri, anarudi shule au anajifunza kazi. Ni wazo zuri ambalo huku kwetu tumelisikia zaidi kwenye hotuba. Kwa hiyo kinachofanyika vijijini kinategemea moyo wa waliopo siku hiyo. Mtendaji mmoja atawakalisha watu chini, ataandika makubaliano na kuwapa nakala. Mwingine atatoza "faini" isiyo na risiti. Mgambo mmoja atamlinda mtoto asipigwe, mwingine atakuwa wa kwanza kushika fimbo. Kumpiga mtuhumiwa ni kosa la jinai, hata kama ameshikwa na kiroba mkononi, na kipigo cha watu wengi kimeua watu nchini humu kwa mali ndogo kuliko korosho.

Kwa maoni yetu, wizi mdogo wa kwanza ungemalizwa kijijini mbele ya mwenyekiti, mtendaji na mzazi, kwa maandishi, bila fimbo na bila fedha inayobaki ofisini, na afisa ustawi aambiwe. Kosa la kingono, la kujeruhi au la silaha lisimalizwe kijijini hata siku moja, kwa sababu pale anayeuzwa ni mwathirika, na mara nyingi bei yake ni mbuzi mmoja na maneno matamu.

Kuna mtu mwingine ambaye hatajwi kwenye vikao hivi. Mtoto wa miaka 15 hapeleki korosho AMCOS. Hana namba ya mkulima, na karani wa ghala anamjua. Basi kile kiroba kilikuwa kinakwenda wapi? Kinakwenda kwa mnunuzi wa kangomba, anayepima kwa bakuli uchochoroni na kulipa papo hapo bila kuuliza korosho za nani. Vita dhidi ya kangomba ilitangazwa kwa kishindo msimu wa 2018, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, lakini mnunuzi wa mlangoni bado anapatikana. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi, adhabu yake inafika miaka 10. Imezidi ile ya mwizi mwenyewe. Mtu mzima anayenunua korosho usiku kutoka kwa mtoto mwenye sare ya shule ana sababu gani nyingine ya kuamini? Kijiji kinachomkamata mtoto na kumwacha mnunuzi kitamkamata mtoto mwingine msimu ujao.

La kufanya kabla na baada

Kwa mzazi ambaye mtoto wake amevuka miaka 5 na hana cheti: usajili bado upo, unafanyika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na kuna ada. Nenda na chochote kinachoonyesha alizaliwa lini: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, vyeti vyake vya shule, barua ya mtendaji wa kijiji. Kama kadi ya kliniki ipo lakini imechakaa, ipige picha kwa simu leo, mtumie na ndugu mwingine picha hiyo. Majumba yetu ya nyasi yanaungua na mchwa hawachagui karatasi.

Mtoto akikamatwa, nenda kituoni siku hiyo hiyo na karatasi hiyo. Huna karatasi, nenda wewe mwenyewe na mwalimu wake au ndugu aliyekuwepo alipozaliwa. Taja umri wake, omba uandikwe kwenye maelezo, na omba aitwe afisa ustawi wa jamii. Vituo vya polisi vya wilaya vina Dawati la Jinsia na Watoto, na unaweza kuomba kuongea nao. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hutoa msaada bila malipo, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza waliko. Simu ya Huduma kwa Mtoto ni 116, ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Na kama wewe ndiye mwenye shamba, umeibiwa na una hasira yako ya haki: mshike bila kumpiga, hesabu korosho mbele ya shahidi, mwite mzazi wake na mtendaji. Kisha muulize mtoto alikuwa anampelekea nani.